Ndimu, Glasi ya Ukwaju na Mwako Mfupi: Uzoefu Wangu wa Kugandisha Mwendo

Mwaka jana mwenye mgahawa mmoja wa hapa Dar es Salaam aliniomba picha ya glasi ya juisi ya ukwaju, ndimu ikiwa ndiyo kwanza imetumbukia na matone yakiruka kila upande, kila tone likionekana wazi kama shanga. Nilikubali papo hapo, kwa kuwa nilikuwa na taa mbili kubwa za studio na niliamini kwamba kazi ya namna hiyo ndiyo hasa iliyonifanya nizinunue.

Jioni ya kwanza niliziteremsha taa hizo hadi nguvu ya chini kabisa, nikidhani kwamba mwanga mdogo ndio mwanga mfupi. Picha zote zilitoka na ndimu yenye mkia na matone yaliyovutika kama nyuzi. Nilipoipandisha kasi ya shata, yaani pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga, kupita 1/200 ya sekunde, ambayo ndiyo kikomo cha kamera yangu kwenda sambamba na flashi, utepe mweusi ulijitokeza ukingoni mwa picha. Nililala nikiwa na wasiwasi mkubwa kuhusu ahadi niliyoitoa.

Kesho yake nilikaa na kalamu nikapiga hesabu. Ndimu inayodondoshwa kutoka sentimita 50 hugusa juisi ikiwa na mwendo wa takriban mita 3 kwa sekunde, hivyo katika 1/200 ya sekunde inasogea sentimita moja na nusu. Shata peke yake isingeweza kuisimamisha hata kidogo. Kinachosimamisha ndimu ni muda wa mwako wa taa, na hapo ndipo nilipokuwa nimekosea, kwa sababu taa nyingi za studio, zikiwemo zangu, hupunguza nguvu kwa kuijaza kapasita (kifaa kinachohifadhi umeme wa taa) chaji kidogo, kisha mwanga hufifia polepole na mwako hurefuka. Flashi ndogo ya kupachika juu ya kamera hufanya kinyume: ukiipunguza nguvu, huukata umeme katikati ya safari, na mwako hufupika. Nikon SB-900, kwa mfano, huwaka kwa takriban 1/880 ya sekunde ikiwa na nguvu zote, lakini ikishushwa hadi 1/32 ya nguvu zake mwako huwa wa takriban 1/20,000 ya sekunde, muda ambao ndimu yangu haiwezi kusogea hata robo ya milimita.

Harold Edgerton, mhandisi wa chuo cha teknolojia cha MIT nchini Marekani aliyepiga picha maarufu ya taji la tone la maziwa mwaka 1957, alijenga kazi yake juu ya jambo hilohilo: giza likitawala, mwako wenyewe ndio unaokuwa shata. Kwa hiyo nilifunga mapazia, nikazima taa za chumba na kupiga picha moja bila flashi. Ilitoka nyeusi tupu, nami sikuendelea mpaka nilipohakikisha hivyo, kwa sababu mwanga wowote wa chumbani huirudishia ndimu mkia wake.

Niliazima flashi mbili ndogo, nikaziweka nyuma ya glasi, kulia na kushoto, umbali wa sentimita 40, zikipenya karatasi nyepesi ile wanayochorea ramani. Kwa kuwa mwanga wake ulikuwa mdogo, nilipandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 400 na kuacha tundu la lenzi kwenye f/11, ambalo ni tundu dogo. Nililaza penseli juu ya mdomo wa glasi, nikazungusha lenzi kwa mkono hadi penseli ikaonekana wazi, kisha nikaiondoa penseli bila kugusa tena lenzi.

Mpwa wangu ndiye aliyedondosha. “Mjomba, niachie?” aliuliza kila mara, nami nilibonyeza mara tu kidole chake kilipofunguka, nikichelewa kidogo sana. Tulikausha meza na kufuta glasi baada ya kila jaribio, maana doa moja la kidole huonekana wazi mwanga unapotoka nyuma. Kati ya picha 140, sita zilifaa.

Katika ile aliyoichagua mteja, ndimu imezama nusu, ukuta wa juisi umesimama kuizunguka ukiwa na rangi ya asali, na kwenye tone moja lililotengana na mengine zinaonekana karatasi zangu mbili, ndogo kama punje za ufuta.