Tabaristan iliyosalimika: jinsi nilivyojenga nasaba ya wafalme Wazoroasta kuanzia mwaka 761

Wengi wanaotunga historia mbadala ya Uajemi huanzia Qadisiyya, vita ambavyo Waarabu Waislamu waliwashinda Waajemi: kwao majeshi ya Yazdegerd III, mfalme wa mwisho wa ukoo wa Sasani, yanashinda, na ukoo huo unaendelea kutawala. Niliijaribu njia hiyo nikaiacha, kwa sababu kufikia hapo ufalme wenyewe ulikuwa umekwisha kuliwa na mchwa. Khosrow II alipinduliwa mwaka 628. Mwanawe, Kavad II, aliwaua ndugu zake wa kiume, kisha naye akafa baada ya miezi michache. Ndani ya miaka minne hivi wakapita watawala wapatao kumi, wakiwemo mabinti wawili wa Khosrow, Boran na Azarmidokht. Yazdegerd III alivikwa taji mwaka 632 akiwa bado mtoto. Ushindi mmoja vitani haurudishi ndugu waliouawa, wala hazina, wala utii wa koo kubwa kama Mihran. Ukibadilisha vita hiyo, itakubidi ubadilishe mambo mengine kumi nyuma yake, na msomaji anayeijua historia atakuacha njiani.

Nikachagua mahali padogo: Tabaristan, ukanda wa kusini mwa Bahari ya Kaspi, uliokingwa na milima ya Alborz. Ukanda huo una misitu minene na mvua nyingi, na njia za kuingilia kutoka bara ni chache na nyembamba. Huko ukoo wa Dabuya, Wazoroasta (wafuasi wa dini ya kale ya Uajemi) waliojiita ispahbad, yaani majemadari, ulishika utawala zaidi ya miaka mia moja baada ya Yazdegerd kuuawa Merv mwaka 651. Walidai kutokana na Jamasp, ndugu wa Kavad I. Farrukhan Mkuu alilishinda jeshi la Yazid bin al-Muhallab mwaka 716. Mtawala wao wa mwisho, Khurshid, alishambuliwa na majeshi ya Khalifa al-Mansur. Akakimbilia Daylam, nchi jirani ya milimani, akiiacha familia yake kwenye ngome ya pangoni iliyoitwa al-Taq. Maradhi yakaingia ngomeni, waliobaki wakajisalimisha, na Khurshid aliposikia jamaa zake wametekwa akanywa sumu. Huo ulikuwa mwaka 761.

Badiliko langu ni moja tu: maradhi hayaingii al-Taq. Ngome inashikilia, na Khurshid anakusanya watu Daylam.

Hapo ndipo kazi nyingi za namna hii huharibika. Mtunzi akishamwokoa mfalme, humpa ushindi baada ya ushindi. Jiulize kwanza: kwa nini al-Mansur asirudi mwaka unaofuata na jeshi kubwa zaidi? Jibu nililikuta kwenye historia ya kweli. Mwaka 762 alianza kuijenga Baghdad, na mwaka huohuo wazao wa Ali wakamwasi, mmoja Madina na nduguye Basra, uasi uliozimwa mwaka 763. Khalifa mwenye moto pande mbili hukubali kodi kutoka milimani. Kwa hiyo Khurshid wangu anarudi Sari, mji wake mkuu, akiwa mlipa kodi, kama alivyokuwa kabla ya vita. Wafalme wangu wanabaki walipa kodi kwa vizazi kadhaa, na sioni aibu kuwaandika hivyo. Kodi ndiyo iliyowaweka hai. Upande wa makhalifa niliufuata ulivyo hadi kifo cha Khalifa Harun al-Rashid mwaka 809. Baada ya hapo nilibakiza nguvu kubwa tu (vita vya urithi, askari watumwa wa Kituruki, kupanda kwa watu wa Daylam), maana watu waliozaliwa baada ya badiliko hawawezi kuwa walewale wote.

Kabla ya kumpa mtu yeyote jina, niliiweka mbele yangu picha ya sarafu ya Khurshid. Nawashauri wote waanze hapo. Ni ya fedha, nyembamba kama ukucha, uzito wake karibu gramu 2, nusu ya dirhamu ya Wasasani iliyokuwa na gramu 4 hivi. Upande wa mbele ni kichwa cha mfalme mwenye taji la mabawa, na jina lake kwa maandishi ya Kipahlavi. Nyuma kuna madhabahu ya moto na watu wawili wamesimama kuilinda, mmoja kila upande; kushoto umeandikwa mwaka, kulia jina la Tabaristan. Kila alama kati ya hizo ni swali ambalo nasaba yako lazima ilijibu: taji ni la nani, jina ni la aina gani, mwaka unahesabiwa tangu lini, moto ni upi.

Nianze na taji. Kila mfalme wa Kisasani alikuwa na taji la umbo lake mwenyewe, na aliyepoteza kiti kisha akakirudia aliweza kubadilisha taji. Lakini taji la sarafu za Tabaristan ni nakala ya lile la Khosrow II, likirudiwa mtawala baada ya mtawala. Maana yake ni nzito: ispahbad alilinda mahali pa mfalme wa wafalme, hakujidai kuwa yeye. Kwa hiyo ukimvika mrithi wa Khurshid taji jipya mwaka 775, umetangaza vita na Baghdad bila kujua. Jambo lingine la kufaa: Waislamu walipoitwaa nchi, magavana wao waliendelea kutoa sarafu hizohizo kwa miaka mingi, na mmoja wao, Sulayman, akaondoa uso wa mfalme na kuweka umbo la almasi mahali pake. Sarafu hiyo niliitumia kama kipimo cha upande wa pili: kila nilipotaka kuonyesha mji uliopotea kwa muda, niliandika soko linapokea fedha zisizo na uso.

Mwaka ndio unaowaangusha wengi. Kalenda ya Wazoroasta ina miezi 12 ya siku 30, pamoja na siku 5 za nyongeza ziitwazo Gatha, jumla 365, bila siku ya ziada kila mwaka wa nne. Kwa hiyo mwaka mpya hurudi nyuma siku 1 kila miaka 4 ya kalenda ya Julius. Hesabu ya Yazdegerd inaanza 16 Juni 632. Ya Tabaristan inaanza 11 Juni 652. Kupata mwaka wa sarafu, toa 651 kwenye mwaka wetu: mwaka wa 110 ulianza 761. Kupata siku ya mwaka mpya, hesabu miaka mirefu (yenye siku 366) tangu 632, uitoe idadi hiyo kwenye 16 Juni. Hadi 761 ipo 32, hivyo mwaka mpya ni 15 Mei. Watunzi huweka Nauruzi, sikukuu ya mwaka mpya, 21 Machi kila mwaka, na mara moja sherehe inaangukia majira yasiyo yake, watoza kodi wanafika kabla ya mavuno, kila kitu kinapinda. Msomaji wa pwani yetu ana ufunguo wa jambo hili mkononi: Mwaka Kogwa wa Makunduchi huadhimishwa Julai kwa sababu Nairuzi yetu nayo ni ya siku 365 na imesafiri hivyohivyo.

Majina ni rahisi kidogo ukishaijua kanuni. Usimwite mfalme wa karne ya 8 Koreshi wala Xerxes. Wasasani walijinasibisha na wafalme wa masimulizi ya Avesta, maandiko matakatifu ya Wazoroasta, ndiyo maana wapo akina Kavad na Khosrow. Mengine yameungwa: Mihr, Adur, Burz, Farrukh, Dad. Dadburzmihr, baba yake Khurshid, maana yake ni aliyetolewa na Burzmihr. Kwa wanawake malizia na dokht, yaani binti. Kwa ukoo weka -an mwishoni mwa jina la baba.

Idadi ya wafalme niliipata kwa kugawanya. Wasasani walitawala miaka 427, kuanzia 224, na walikuwa takribani 30: wastani wa miaka 14. Kutoka 761 hadi 1006, mahali ninapokoma, ni miaka 245, basi wafalme 17. Kizazi ni miaka 27 hivi, kwa hiyo vizazi 9. Wafalme 17 katika vizazi 9 maana yake karibu nusu ya urithi hauendi kwa mwana. Unakwenda kwa ndugu, ami au binamu. Khurshid mwenyewe alishikiwa kiti na ami yake hadi alipokomaa. Usiwape wote miaka 14 sawasawa. Mmoja apate 38, wengine watatu wafe ndani ya miaka miwili.

Sasa urithi, ambao naupenda kuliko yote. Sheria ya Wasasani haikumwacha mwanamume afe bila mwana. Mjane wake aliweza kuolewa na jamaa wa marehemu kwa ndoa iitwayo chakar, na watoto wa ndoa hiyo wakahesabiwa kuwa wa marehemu, wakabeba jina lake na mali yake. Kama hakuna mjane, binti au dada aliweza kushika wajibu huo. Mwenye kuubeba huitwa stur. Ukichora mti wa ukoo kwa mistari ya kawaida, utaukosea. Mimi niliweka safu mbili kwa kila mtu: baba wa damu na baba wa sheria.

Faida yake ilionekana kwa mfalme wangu wa nne, wa kubuni, Burzmihr, anayeuawa kwenye njia ya mlimani akiwa na miaka 24, hana mtoto. Ndugu yake Mihran anashika utawala na kumwoa mjane kwa ndoa ya chakar. Anazaliwa mvulana: kwa damu ni wa Mihran, kwa sheria ni wa Burzmihr, na kiti ni chake. Lakini Mihran ana mke wake kamili pia, na mwana mkubwa zaidi kwa huyo. Watoto wawili wa baba mmoja, wamelelewa uani pamoja, mmoja ni mfalme na mwingine, mbele ya makuhani, ni binamu yake tu. Miaka 60 ya mgogoro ilitoka hapo bila mimi kulazimisha kitu. Kumbuka pia kwamba mwenye kilema hakustahili kutawala; ndiyo sababu mpinzani hupofushwa badala ya kuuawa, na sababu makuhani hukagua mwili wa mrithi.

Ndoa za ndugu wa karibu, zilizosifiwa na makuhani, ziandike kwa uzito uleule waliozipa wao. Ukiziondoa, umewatunga watu wengine.

Kuhusu moto: mahekalu yana daraja tatu, na la juu ni la Moto wa Bahram. Kwa utaratibu uliohifadhiwa na Waparsi, yaani Wazoroasta wa India, moto huo hukusanywa kutoka vyanzo 16, kuanzia wa mfua dhahabu hadi wa radi, na kuutakasa huchukua karibu mwaka mzima. Kisha hulishwa kuni mara 5 kwa siku, katika zamu tano za ibada. Tabaristan ina mvua nyingi, kwa hiyo kila hekalu langu lina ghala la kuni lenye paa, na adui anayejua kazi yake huchoma ghala kabla ya kugusa ukuta. Makaburi makubwa ya wafalme usiweke. Kwa Wazoroasta, maiti haipaswi kuchafua udongo.

Lugha nayo ina mitego. Neno tulilozoea ni Majusi, lakini ndani ya simulizi wao wenyewe wajiite waabudu Mazda. Niliepuka imamu, wallahi na akhera, nikatumia kuhani, kiapo na daraja la hukumu (lile roho huvuka baada ya kifo). Maneno kama serikali, bustani na diwani yatumie bila woga, yametoka Uajemi.

Nilikoma mwaka 1006 kwa sababu ya hesabu ileile ya siku. Tangu 632 miaka mirefu inafika 93, na 16 Juni ukitoa siku 93 unapata 15 Machi, ambayo wakati huo ndiyo siku ya kulingana usiku na mchana. Mwaka mpya uliotangatanga kwa karne nyingi unarudi mwanzo wa majira ya kuchipua. Ndiyo siku pekee niliyoona inafaa kwa ispahbad kujitangaza mfalme wa wafalme. Fundi wa sarafu anapata kazi ngumu: mwaka wa 355 ukiandikwa kwa maneno haukai vizuri pembeni mwa madhabahu. Lakini Wasasani walihesabu miaka tangu mfalme alipotawazwa na kuwasha moto wake. Basi moto mpya ukawashwa Sari, likachongwa taji lisilofanana na la Khosrow, na kushoto kwa madhabahu fundi akaandika mwaka 1.