Makreti mawili ya soda yalivyookoa shingo yangu

Naandika haya kwa sababu nimechoka kusikia mtu akilalamika mgongo, anaambiwa anunue kiti. Mimi nilikinunua, Kariakoo, laki tatu na kitu, cha kuzunguka, chenye mto wa kiuno. Baada ya miezi miwili shingo iliuma kuliko mwanzo, kwa sababu kile kiti kilikuwa kizuri mno na nilikuwa siinuki.

Kazi yangu ni kuwaandalia hesabu wenye maduka. Zamani nilishinda kwao, napanda ngazi, nashuka stoo, nakagua mzigo. Siku hizi wananitumia risiti kwa simu, nami niko nyumbani Tabata mbele ya kompyuta toka saa mbili asubuhi hadi magharibi. Baada ya hapo nilikuwa nahamia kochi na simu mpaka saa sita usiku. Siku moja mke wangu alinibonyeza kwa kidole juu ya kifundo cha mguu. Alipotoa kidole, shimo likabaki pale pale, kama kwenye unga uliokandwa. Tukatazamana.

Ushauri ukamiminika. Mmoja alisema ni chumvi, mwingine figo, jirani akaniletea diklofenaki, nimeze kutwa mara mbili hadi maumivu yaishe. Nikameza wiki nzima na tumbo likaanza kuwaka moto. Dawa hizo zikimezwa hovyo zinaumiza tumbo na figo, na aliyenipa hakulijua hilo. Miguu ikivimba nenda kapimwe kwanza, inaweza kuwa moyo au figo kweli. Mimi nilipimwa, nikaonekana mzima, nikapelekwa kwa mtaalamu wa viungo.

Dada yule alinisikiliza, kisha akasema, "Kaka, wewe huumwi, wewe hutembei." Akanishika kigimbi akanieleza kwamba hiki ndicho pampu. Ukitembea kinajikaza na kusukuma damu irudi juu. Ukikaa kimya saa nne, damu na maji vinatuama miguuni. Kichwa nacho kina kama kilo tano, na ukikiinamisha kwenye simu, misuli ya shingo inabeba uzito mara kadhaa ya huo. Macho yangu yaliyokuwa yanawasha kama yameingia mchanga nayo yalikuwa na sababu: mtu akikodolea kioo hapepesi kope vya kutosha, jicho linakauka. Alinipa kanuni ya kila dakika 20 kutazama kitu kilicho mbali, mita 6 hivi, kwa sekunde 20. Mimi natazama mnazi wa jirani.

Nikaweka kengele kwenye simu, inilie kila nusu saa nisimame. Usifanye hivyo! Inalia, unaichukua kuizima, unakuta ujumbe wa kikundi cha familia, unajibu, unafungua video ya shangazi, na ukija kushtuka zimepita dakika 20 na hujanyanyuka. Nilipambana nayo karibu mwezi mzima.

Kilichonisaidia ni kikombe. Chupa ya lita moja na nusu iliyokuwa mezani niliiondoa. Maji yakahamia mtungini, baraza ya nyuma, na mezani nikabaki na kikombe cha kahawa, vile vidogo vya wauza kahawa. Kwa joto la Dar la Januari, kikombe kile hakifiki robo saa. Nikikiona kitupu nainuka, napita sebule na jiko mpaka barazani. Na maji mengi yana safari zake za chooni, hizo nazo ni hatua.

Halafu makreti. Nilimwomba Mangi wa dukani makreti mawili matupu, nikamwachia rehani, nikayapanga juu ya meza ya chakula. La mbele linabeba kibodi ya pembeni (elfu ishirini hivi), la nyuma linabeba majalada ya hesabu ya zamani na kompyuta juu yake, hadi kioo kikalingana na macho yangu. Viwiko vimekaa sawa, shingo imenyooka. Asubuhi nasimama, mchana nakaa, jioni nasimama tena. Kusimama kutwa nako kunavimbisha miguu, kwa hiyo badilisha.

Yule dada alinisimulia pia utafiti wa Jeremy Morris na wenzake, uliochapishwa 1953, kuhusu mabasi ya ghorofa ya London: madereva walipata ugonjwa wa moyo zaidi kuliko makonda waliopanda na kushuka ngazi siku nzima. Siku hizi kila nikipanda daladala namtazama konda wetu anavyoruka mlangoni. Mara tatu kwa wiki nafuata risiti mwenyewe: nashuka Ilala Boma, naifuata barabara ya Uhuru kwa miguu mpaka Kariakoo, kama dakika 25, na kurudi hivyohivyo. Jumla inafika dakika 150, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima afikishe kwa wiki. Nenda kabla ya saa mbili, jua halijachoma.

Juzi mke wangu alibonyeza tena pale pale. Ngozi ikarudi mara moja.

Mangi aliponidai makreti yake nilimpeleka akaone yanachofanya. Naye anashinda kwenye stuli nyuma ya nondo toka alfajiri, na miguu inamjaa. Kisanduku cha chenji sasa amekihamishia rafu ya juu, kila mteja anamwinua.