Mama, Sasa Wanafanya Nini?

Juzi jioni kijana wangu alikuwa jikoni anasugua sufuria ya ugali, nami sebuleni natazama filamu ya vichekesho tuliyoianza pamoja. Hakutaka niisimamishe. Akapaza sauti kuyashinda maji ya bomba: "Mama, sasa wanafanya nini?"

Sikuweza kumjibu. Akarudia. Nikazima runinga, nikatoka nje kwenye kamba ya nguo na kuanza kuanua nguo ambazo bado zilikuwa mbichi.

Mtu wa mwisho kuniuliza swali hilo, kwa maneno yayo hayo, alikuwa Baba. Aliniita Mama kwa kuwa nimerithi jina la mama yake.

Habari zake mnazijua. Ijumaa, 7 Agosti 1998, yuko ofisini upande wa pili wa Haile Selassie Avenue, chai ya saa nne mkononi. Kwanza ulisikika mlio mdogo, wa guruneti, kule kwenye ubalozi wa Marekani. Watu wakainuka kwenda dirishani kuona kuna nini, na Baba akaenda. Ndipo bomu lenyewe lilipolipuka, vioo vikawarudia usoni. Nairobi tulizika watu 213, na Dar es Salaam, asubuhi hiyo hiyo, wakafa 11. Baba tulirudishiwa baada ya miezi miwili, hana macho. Jina lake halimo kwenye ukuta wa bustani ya kumbukumbu pale mjini, maana ule ni ukuta wa waliokufa.

Ninayotaka kuyaandika leo ni ya Aprili 2000. Nilikuwa na miaka kumi na saba, shule zimefungwa, na kazi yangu nyumbani ilikuwa kumtazamia Baba runinga. Nilishakuwa fundi. Taarifa ya habari haikuhitaji msaada, lakini mpira na michezo ya kuigiza nilimsimulia kama mtangazaji wa redio, sentensi fupi fupi, bila kumwekea maoni yangu. Nikichelewa kidogo tu, anauliza: "Mama, sasa wanafanya nini?"

Siku moja akasema, "Nitafutie ile ya puto."

Alikuwa ameitazama sinemani ujanani, kabla hajamwoa Mama. Inaitwa Black Sunday, ya mwaka 1977, iliyoongozwa na John Frankenheimer. Nilizunguka maduka matatu ya kukodisha kanda ndipo nikaipata, kasha lake limepasuka na kufungwa kwa selotepu. Mama alipoona picha ya kwenye kasha alibadilika rangi. "Mnataka kuniletea bomu tena ndani ya nyumba hii?" Baba akamjibu kwa upole kwamba hili analijua mwisho wake. Mama akachukua leso yake, akaenda kwa jirani, hakurudi hadi usiku.

Tukaweka kanda kwenye deki. Baba alikaa kwenye kiti chake cha mbao, mimi kwenye zulia, bega langu likigusa goti lake.

Kwa asiyeijua: Kabakov, anayeigizwa na Robert Shaw, ni mwanajeshi wa Israeli. Anavamia nyumba Beirut usiku, anamkuta mwanamke bafuni, bunduki anayo mkononi, lakini anamwacha hai. Mwanamke huyo, Dahlia, ndiye anayepanga shambulio Marekani pamoja na Lander, rubani aliyewahi kuwa mateka wa vita vya Vietnam. Siku hizi Lander anarusha puto lile kubwa lenye injini linalopita juu ya viwanja likibeba kamera za televisheni. Wanataka kufunga bomu chini yake, bomu la vishale vya chuma maelfu kwa maelfu, walishushe juu ya watu 80,000 kwenye Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, Miami. Na uwanja ni wa kweli: Frankenheimer alipiga picha kwenye fainali yenyewe ya Januari 1976, mashabiki wenyewe wakiwa wamejaa.

Pale bafuni nilikasirika. Nikasema, "Baba, angempiga risasi huyu, mambo yangeishia hapa."

"Yangeishia hapa, ndiyo," akasema. "Lakini saa ile alikuwa mtu anaoga."

Sikumwelewa. Sidhani kama namwelewa hata sasa, na si kwamba sijajaribu.

Kisha tukafika jangwani. Lander na Dahlia wanataka kulijaribu bomu lao. Nikaanza, "Wamefika mahali pakavu. Kuna banda kubwa kama la ndege. Kuna mzee analitunza." Mlipuko ukatoka kwenye runinga yetu ndogo, na goti la Baba likaruka likanigonga bega. Halafu kukawa kimya.

Banda lina giza, na ukuta wake wote umetobolewa. Kila tundu linapitisha uzi mmoja wa mwanga, nyuzi zisizohesabika, zimenyooka kutoka ukutani hadi sakafuni. Yule mzee amekufa. Lander anaingia katikati ya zile nyuzi akifurahi, kama seremala anayepapasa ubao alioupiga randa ukakubali. Na mandhari ile ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililonikaba. Ilikuwa nzuri kutazama.

Nikageuka kumwangalia Baba. Upande wa kushoto wa uso wake, kuanzia kwenye nyusi hadi tayani, alikuwa na makovu madogo madogo, mengine kama punje ya mtama. Chini ya mfupa wa shavu kilikuwamo kipande cha kioo ambacho madaktari walikiacha. Kilikuwa kikihama kidogo kidogo, na Baba akiwaza alikisukuma kwa ncha ya kidole, huku na huku, chini ya ngozi. Alikuwa anakisukuma wakati huo.

Nikasema, "Wamelijaribu bomu lao. Limefanya kazi. Sasa wanaondoka."

Kidole kikasimama.

"Umeruka ukuta," akasema Baba.

Nilinyamaza. Filamu ikaendelea bila msimuliaji, watu wanaongea Kiingereza ndani ya gari.

"Rudisha nyuma."

Nikabonyeza. Deki ikalia, mistari myeupe ikapanda kwenye kioo cha runinga, yule mzee akarudi kuwa hai, na bomu likalipuka mara ya pili. Safari hii goti halikutikisika.

"Haya. Nieleze ukuta."

"Una matundu, Baba."

"Makubwa kiasi gani?"

"Kama ya msumari."

"Mengi?"

"Hayahesabiki. Yamejaa ukuta mzima, kutoka juu hadi chini."

"Na mwanga?"

"Mwanga unaingia kila tundu. Unaonekana kama nyuzi." Sauti ilikuwa inanitoka vibaya lakini hakuniambia niache. "Kuna vumbi ndani ya mwanga, linaelea."

"Ndiyo," akasema Baba. "Kuna vumbi."

Alilisema kama mtu anayethibitisha jambo aliloliona kwa macho yake. Nimejiuliza mara nyingi kama alikuwa anaikumbuka sinema ya ujana wake au ile dakika ya pale dirishani. Sikumuuliza. Alifariki mwaka 2011, na kile kipande cha kioo alizikwa nacho.

Yaliyofuata niliyasimulia yote bila kuruka hata moja: Dahlia aliyevaa sare za nesi akaingia hospitalini kuua, puto likiacha ardhi na mzigo wake, Kabakov ndani ya helikopta akilifukuza. Mwishoni analifunga kwa waya na kulivuta hadi baharini, linalipukia huko. Hata hivyo sikumbuki kama nilifika hapo kwa mdomo, au Baba alijimalizia mwenyewe.

Ninachokumbuka ni puto likiinamisha pua yake ndani ya uwanja, na Baba akiuliza, "Mama, sasa wanafanya nini?"

"Linashuka, Baba."

"Si hilo. Watu."

Nikatazama vizuri. "Watu wanalitazama. Wameinua nyuso zao juu."

Baba akainuka nusu kutoka kwenye kiti. Akanyoosha mkono kuelekea sauti inakotoka, kiganja chini, jinsi mtu anavyowatuliza watoto. "Waambie walale chini, Mama," akasema. "Waambie wasitazame."

Nikaisogelea runinga kwa magoti, nikawaambia.