Wakorofi wa la sita niliwaweza bila kiboko

Walimu wenzangu hapa Busia, upande wa Uganda, mtoto akisumbua wanajua kiboko tu. Ukiwakumbusha kwamba sheria ya watoto ilirekebishwa 2016 na anayechapa mwanafunzi anaweza kufungwa hadi miaka 3, wanacheka: "Mwalimu, sheria haishiki zamu." Sawa, lakini polisi nitakwenda peke yangu, mshauri akiendelea na chai yake.

Darasa langu la sita lina watoto karibu mia. Kiongozi wa nyuma tumwite Kapteni. Yeye akikohoa, benchi zima linakohoa. Nikigeukia ubao, paka analia.

Mkongwe mmoja akanishauri niwatoe nje. Nikawatoa, nikafundisha kwa raha zangu, nikajiona bingwa. Kengele ya chakula inalia, Kapteni huyoo, chapati mkononi, shati limelowa jasho! Kumbe mpaka uko karibu. Anapenya kwenye ua, anasukuma mikokoteni ya mahindi, analipwa. Mimi nampa adhabu, yeye anapata ajira. Haikupita wiki, hata watoto wapole wakaanza kukohoa ili nao wafukuzwe. Nikajaribu kuwafyekesha nyasi: wakafyeka huku wanaimba, uwanja ukapendeza, mwalimu mkuu akanipongeza. Kelele palepale.

Basi nikauleta mpaka darasani. Nikaandika ubaoni: mfanyabiashara ana shilingi 3,500 za Kenya, kila moja anabadilishiwa kwa 28 za Uganda. Chaki haijatua, sauti ya Kapteni ikatoka nyuma: "Elfu tisini na nane! Na hapo mwalimu umepunjwa." Nikamwita aje aonyeshe njia, maana UNEB, baraza la mitihani la Uganda, hawatoi alama kwa kupiga kelele. Akasimama pale, jibu analo, njia hana. Binti mmoja wa mbele, mkimya sana, akaja kumwandikia hatua zote. Nikawakalisha pamoja tangu siku hiyo.

Siku hizi kila somo la hesabu linaanza na swali la mpakani linaloletwa na watu wa nyuma. Akikohoa mmoja, swali la kesho linaletwa na watu wa mbele, na aibu hiyo hawaitaki kabisa. (Usiwaache wachague bei wenyewe, watakuletea hesabu za magendo.)

Juzi mama yake Kapteni alikuja shuleni amekunja uso. Nikajiandaa kwa ugomvi.

"Mwalimu, huyu mtoto mmemfanya nini? Kila jioni ananikagua hesabu za kibanda!"