Websaiti ni yako, jina linalotokea Google ni la fundi

Mbukwenyi wadau. Kuna kitu nakutana nacho sana kwa wateja wa hapa Dodoma, mtu ana lodji yake Kisasa au Area D huko, kalipia domeini yake nzuri ya .co.tz, kaiandika mpaka kwenye bango la getini, halafu ukiitafuta Google websaiti inakuja kweli ila kwa jina la kampuni ya fundi aliyeitengeneza. Kipindi cha bunge la bajeti, Aprili mpaka Juni, ndo inauma zaidi, watu wanatafuta vyumba kwa simu wakiwa bado njiani, na akiona jina halifanani na lodji anajua hawa matapeli, anaenda kwa jirani.

Mama mmoja mwenye lodji akaniambia, "mwanangu si uwaandikie hao Google warekebishe?" Mama yangu, hakuna wa kuandikiwa. Google imekuta websaiti moja inafunguka kwa majina kibao, yenye www, isiyo na www, http, https na hilo la fundi juu yake, ikaamua kuchagua moja yenyewe. Ukiwa na laini nne zote ziko hewani usilaumu watu wakikupigia ile usiyoitaka.

Na hilo la fundi linatokea hivi. Wengi wanaweka domeini ya mteja ndani ya akaunti yao ya hostingi, yaani pale mafaili ya websaiti yanapokaa, na cPanel, programu ya kuendeshea hostingi, ilikuwa na tabia ya kutengeneza jina la pili kimya kimya, jina la lodji linakaa mbele ya domeini ya fundi, yote mawili yanasoma folda moja. Fundi akishaweka linki hiyo kwenye ukurasa wa kuonyesha kazi zake basi, Google imeshapita nayo.

Dawa yake ni 301, yaani agizo linalosema anwani hii imehama jumla, nenda ile. Na kwa sababu folda ni moja, huna haja hata ya kugombana na fundi, ukiwa na nywila ya FTP, njia ya kuingia kwenye mafaili ya websaiti, unafungua .htaccess, faili la maagizo ya seva, unaandika kwamba anayekuja kwa jina lolote ambalo sio hili apelekwe kwenye hili, ukurasa kwa ukurasa, wa bei uende kwa bei, wa picha kwa picha. Usiwarundike wote ukurasa wa mwanzo, Google huwa inaona kama kurasa hizo hazipo tena. Na iwe 301 kweli sio 302, maana 302 unaiambia ni ya muda tu.

Ukimaliza, kama websaiti imejengwa kwa WordPress, ingia humo, kwenye mipangilio ya jumla pale kuna anwani mbili, zote ziwe jina sahihi. Kisha angalia sitemap, ile orodha ya kurasa zako, na ile rel=canonical, alama ndani ya ukurasa inayotaja anwani yake halisi, ambayo Google, Yahoo na Microsoft waliileta pamoja 2009, kama bado zinataja jina la zamani unajipinga mwenyewe. Halafu canonical ni ombi tu, Google inaweza ikaipuuza, kwaiyo usiitegemee peke yake.

Kitu ambacho naomba usifanye ni kulifungia jina la zamani kwenye robots.txt, faili linaloiambia Google isiingie wapi. Ukilifungia Google haiingii, isipoingia haiioni 301, jina linabaki pale pale. Kile kitufe cha kuondoa linki kwenye Search Console, chombo cha Google cha wenye websaiti, nacho kinaficha kama miezi sita tu. Na zile video za zamani zinazokwambia ukachague domeini unayoipenda humo humo, achana nazo, hiyo sehemu ilitolewa 2019.

Baada ya hapo unasubiri, inaweza kuwa siku kadhaa au wiki kadhaa, ukitaka kuchungulia andika site: halafu jina la zamani uone kurasa zinavyopungua. Ila ongea na fundi mapema kama unataka kuhama hostingi, maana siku ukihama folda yako haisomwi tena na lile jina lake, 301 inakufa. Mwambie aiache upande wake, Google wenyewe wanashauri angalau mwaka mzima.