Mpwa wangu na herufi zinazogeuka

Mpwa wangu, anayesoma darasa la tatu katika shule moja ya msingi hapa Dodoma, huandika "dada" pale mwalimu anaposoma "baba" wakati wa imla, na wenzake wakicheka hufunika daftari kwa kiganja, hata sentensi zinazofuata zikampita. Si mvivu. Ana disleksia, yaani hupata shida kuunganisha sauti na herufi, hali isiyotokana na upungufu wa akili wala malezi mabaya.

Kwa kuwa Kiswahili huandikwa karibu kama kinavyotamkwa, watoto wengi wa namna yake hatimaye husoma kwa usahihi lakini polepole mno, na hivyo tatizo hufichika. Ubaoni ndipo linapojitokeza: akiwa bado ananakili silabi moja moja, mwalimu huwa amekwisha kufuta, na daftari hubaki na nusu ya swali la hisabati ambalo kwa mdomo angelijibu papo hapo. (Sokoni hujumlisha bei za zabibu bila kusita.)

Madarasa yamefurika na walimu wanachoka, nalijua hilo. Hata hivyo, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya mtoto mwenye ulemavu kupata elimu, na anachohitaji huyu ni kidogo: kuketi mbele, kuongezewa muda na kutoshtukizwa kusoma kwa sauti. Mwalimu wake wa Kiswahili sasa humpa kifungu siku moja kabla. Ninamwomba wa hisabati naye amruhusu kujibu kwa mdomo.