403 ilinitesa asubuhi nzima, kumbe anayeomba ruhusa sio mimi

Tuna kaofisi ka utalii hapa Moshi, tunapandisha wageni mlimani, na mambo ya kompyuta yote yananiangukia mimi. Siku hiyo bosi ananipigia saa moja asubuhi, kijana wangu fomu za afya za wageni hazitoki, na gari linaondoka kwenda geti la Machame saa tatu. Fomu tunazitunza S3 ya AWS, yaani stoo ya mafaili ya Amazon mtandaoni, kuna skripti ya Python inazishusha tunaprinti, na jana yake ndo nilikuwa nimeihamisha kutoka laptopu yangu kwenda seva ya ofisi. Nacheki, AccessDenied, 403, yaani umenyimwa ruhusa.

Nikafanya kitu cha aibu, nikaingia IAM, sehemu ya AWS ya kugawa haki, nikampa yuza wa skripti haki zote za admini. Bado 403. Nikasema labda zinachelewa kusambaa, nikanywa chai, 403 ile ile. Sasa mtu mwenye haki zote ananyimwaje aisee? Nikaenda kutafuta kama kuna katazo limeandikwa kwenye sera ya baketi (masharti ya lile kapu la S3 lenye mafaili yetu), maana kule katazo moja linaua ruhusa zote hata ziwe mia, hamna kitu.

Bosi kashapiga mara tatu ndo nikakumbuka amri ambayo ningeanza nayo: `aws sts get-caller-identity`. Hiyo inakwambia AWS inakuona wewe ni nani. Jibu likaja jina la yuza mwingine kabisa, wa yule devolopa aliyekuwepo kabla yangu! Kumbe aliacha funguo zake za AWS (AWS_ACCESS_KEY_ID na siri yake) kwenye .bashrc ya seva, faili linalosomwa kila ukifungua terminal, na zikiwa pale zinasomwa kwanza kabla ya faili la credentials, lenye funguo za yuza wangu, nililoweka mimi, kwa hiyo muda wote nampa uadmini mtu ambaye hata mlangoni hajafika.

Nikazitoa, nikamvua yuza wangu ule uadmini akabaki na sera yake ya zamani, fomu zikaanza kushuka moja moja, raha kweli. Isipokuwa moja. 403 tena!

Hii ya pili ndo ilinikera zaidi. Faili halikuwepo. Dada wa mapokezi alilipakia kama fomu-07.PDF, skripti inaomba fomu-07.pdf, na S3 herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili tofauti. Sasa kwa nini isiseme 404, haipo? Kwa sababu sera yangu ilikuwa na s3:GetObject tu (ruhusa ya kushusha faili) kwenye vilivyomo ndani, ile ARN, yaani anwani ya kitu ndani ya AWS, inayoishia na /*, haikuwa na s3:ListBucket (ruhusa ya kuona orodha) kwenye baketi yenyewe, ambayo ARN yake haina /*. Bila hiyo AWS haikuthibitishii kama faili lipo au halipo, inakunyima tu. Ukifikiria wako sahihi, mtu asiyeruhusiwa kuona orodha asianze kubahatisha majina, ila saa mbili na nusu asubuhi nani ana muda wa kufikiria hivyo.

Nikaongeza ListBucket, nikabadilisha jina la faili. Mpaka namaliza gari lilishatoka, fomu ya saba ikabidi imfuate kiongozi wa msafara WhatsApp akiwa njiani.

Mchana nikampigia yule jamaa. "Kaka, funguo zako bado zipo kwenye seva yetu." Akacheka, "Weee, mpaka leo?" Nikazifuta IAM tukiwa bado kwenye simu.